Kuisoma Goma kwa miguu, kwa ramani na kwa midomo ya watu: mwongozo kamili wa utafiti wa kijiografia mtaani

Goma, mji wa mashariki mwa Kongo (RDC), umekaa kando ya Ziwa Kivu, lenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 2,300 na kina kinachokaribia mita 480. Hata hivyo kila alfajiri barabara zake zimejaa watoto na akina mama wenye bidoni (madumu) za manjano, wakitafuta maji. Mpita njia atasema mji hauna mabomba ya kutosha, au watu hawana pesa, au wakubwa wamelala. Kila jibu lina ukweli wake, lakini hakuna hata moja linaloeleza kwa nini avenyu (kipande cha mtaa) hii ina foleni ya saa nzima na ile ya ng'ambo ya barabara haina foleni kabisa. Hilo ndilo swali la jiografia: kwa nini hapa, na si pale?

Mwongozo huu ni kwa wanafunzi wa sekondari na chuo, kwa walimu wenzangu, na kwa kamati za mitaa zinazotaka kujua eneo lao kabla ya kuomba msaada au kupanga kazi. Nitatumia mfano mmoja toka mwanzo hadi mwisho: watu wa eneo fulani la Goma wanachota maji wapi, na kwa nini huko. Wewe unaweza kuweka swali lako la taka, nyufa za nyumba, soko au barabara; njia ni ileile. Jambo moja nitalisisitiza kote: picha ya satelaiti, namba za ofisini, macho yako na maneno ya watu havitakubaliana kila mara juu ya mahali pamoja. Pale vinapogombana ndipo pa kukaa na kuchimba.

Hatua ya 1: Punguza swali mpaka miguu ilimudu

"Tatizo la maji Goma" ni mada ya mkutano, si swali la utafiti. Swali la uwanjani linataja mahali penye mipaka, kitu kinachoonekana au kuhesabika, na wakati. Kwa mfano: katika avenyu sita za kartie (mtaa) ya Majengo, kaya zinachota wapi wakati wa kiangazi, na umbali, bei na foleni vinachangia nini katika uchaguzi huo? Ukiweza kulizunguka eneo lako lote kwa asubuhi moja, limepungua vya kutosha.

Kabla ya kutoka, andika unachotarajia kukuta na sababu yake. Tuseme: "Watu wanakwenda ziwani kwa sababu robine (bomba la maji la mtaani) iko mbali." Chini yake andika ni kitu gani ukikiona utaiacha dhana hiyo. Hapa kingekuwa kaya zinazoishi hatua chache kutoka kwenye robine lakini bado zinakwenda ziwani. Sentensi hii ya pili watu wengi huiruka, nao hurudi nyumbani na kilekile walichotoka nacho.

Hatua ya 2: Soma kilichokwisha kuandikwa na kupigwa picha

Anza na mipaka. Kiutawala Goma ina komuni 2, Goma na Karisimbi, zilizogawanywa katika kartie 18. Lakini watu hawaishi ndani ya orodha ya ofisi. Birere haimo kati ya kartie hizo 18, na bado hakuna mtu wa Goma asiyejua Birere inaanzia wapi. Orodhesha majina ya aina zote mbili na uyaweke kwenye ramani ya mkono, maana takwimu utazipata kwa kartie na maelezo ya watu utayapata kwa rondipuani (mzunguko wa barabara), soko na kanisa.

Kisha picha za satelaiti. Satelaiti za Landsat zimepiga picha za dunia tangu 1972, na picha zake za kawaida zinaona kipande cha ardhi cha mita 30 kwa 30 kama nukta moja. Sentinel-2, iliyoanza 2015, inashuka hadi mita 10. Zote zinapatikana bure kwenye intaneti. Kwa mita 10 hutaona robine wala nyumba moja ya mbao, lakini utaona vitu vikubwa vinavyoamua maisha ya mtaa: msitu, paa zilizosongamana, ufuo na lava. Tafuta picha za 2002 na 2003. Lava iliyoshuka kutoka Nyiragongo, mlima wa volkeno ulio juu ya mji, tarehe 17 Januari 2002 inaonekana kama ulimi mweusi unaopita katikati ya mji hadi ziwani. Linganisha pia Kanyaruchinya, kaskazini mwa mji, ya 2021 na ya 2023: mahema ya watu waliokimbia vita yanafunika ardhi iliyokuwa wazi. Picha mbili za mahali pamoja zikiwekwa kando kwa kando hufundisha kuliko picha kumi za mahali kumi.

Mawingu yatakusumbua. Chagua picha za Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi, au tumia za rada kama za Sentinel-1, ambazo hupenya mawingu. Kwa mwinuko wa ardhi kuna data za SRTM, zilizokusanywa kutoka angani Februari 2000, bure pia. Tazama tarehe hiyo vizuri: data hizo hazijui lava ya 2002. Kila chanzo kina siku yake ya kuzaliwa, na kilichotokea baada ya siku hiyo hakimo.

Ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanza 2004 na kuchorwa na watu wa kujitolea, ina barabara na majengo mengi ya Goma. Ipakue kwenye simu kwa programu kama OsmAnd ili ifanye kazi bila mtandao. Lakini kumbuka kwamba alama ya robine kwenye ramani inasema siku moja mtu aliona robine pale, au aliambiwa ipo. Haisemi kama maji yanatoka.

Kuhusu idadi ya watu, kuwa na tahadhari kubwa. Sensa kamili ya mwisho ya nchi yetu ni ya 1984. Kila namba ya wakazi wa Goma unayoisoma leo ni makadirio, au hesabu za viongozi wa mitaa zilizojumlishwa. Zitumie, ila kando ya kila namba andika nani aliihesabu, mwaka gani, na kwa kazi gani. Namba iliyokusanywa kwa ajili ya kugawa chakula na ile iliyokusanywa kwa ajili ya kodi haziwezi kufanana.

Hatua ya 3: Ruhusa na usalama

Nenda kwa shefu (kiongozi) wa kartie, kisha kwa shefu wa avenyu, na uchukue barua yenye muhuri wa shule au kamati yako. Eleza swali lako kwa sentensi moja, na useme mwanzoni kwamba huleti bidoni wala pesa. Mji huu umepita vita mara nyingi. Mtu anayeandika namba za nyumba na kupiga picha huangaliwa kwa jicho la wasiwasi, na wenye wasiwasi wana haki yao. Usipige picha za askari, mpaka, bandari wala uwanja wa ndege. Ukiambiwa uache, acha papo hapo.

Upande wa ziwa kuna hatari nyingine. Magharibi ya mji, kuanzia Himbi hadi Lac Vert na Bulengo, kuna mazuku, yaani mashimo na mabonde madogo ambamo hewa ya kaboni dioksidi hutuama kwa sababu ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Haionekani. Asubuhi na mapema, kabla upepo haujaanza, ni mbaya zaidi. Ukikuta wadudu, ndege au panya waliokufa katika shimo, usishuke, na usimtume mtoto kushuka. Hakuna kipimo kinachostahili hatari hiyo.

Hatua ya 4: Uwanjani, angalia na upime

Chukua daftari gumu, penseli (wino hufutika mvua ikinyesha), saa, simu, na utepe wa kupimia ukiupata. Gawa kila ukurasa katikati. Kushoto andika unachoona na kusikia. Kulia andika unachofikiri. Mwandishi wa mfano mzuri angeandika kushoto hivi: "Saa 12 na dakika 40 asubuhi. Robine ya kona. Koki nne, mbili zinatoa maji. Bidoni nyingi zimepangwa mstarini bila wenyewe. Wasichana watatu, hakuna mwanaume mzima isipokuwa wenye chukudu." Kulia: "Wenye chukudu wanauza? Uliza." (Chukudu ni kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo.) Usiandike "foleni ndefu" wala "watu wengi". Mrefu kwako ni mfupi kwa mwenye kuzoea.

Kupima foleni kuna njia rahisi. Bidoni ndizo zinazoshika nafasi, basi omba ruhusa ya mwenye bidoni, funga kamba ya rangi kwenye mpini wake, andika saa inapowekwa mstarini na saa inapojaa. Rudia asubuhi, mchana na jioni, siku ya kazi na Jumapili. Pima pia nguvu ya koki: hesabu sekunde za kujaza bidoni ya lita 20. Ikijaa kwa sekunde 100, koki inatoa lita 720 kwa saa, yaani bidoni 36. Mstari wa bidoni 72 kwenye koki hiyo moja ni saa mbili, na hakuna haja ya kumlaumu mama yeyote kwa uvivu wa kusubiri. Hesabu ndogo kama hii huondoa hadithi nyingi.

Kwa umbali, pima mita 100 kwenye barabara tambarare, tembea mwendo wako wa kawaida na uhesabu hatua. Fanya hivyo tena juu ya mawe ya lava na kwenye mlima, kwa sababu hatua hufupika. Halafu andika dakika pamoja na mita. Bidoni iliyojaa ina kilo 20, na kutoka ziwani, lililo mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, mji unapanda hadi zaidi ya mita 1,500 upande wa kaskazini. Mita 800 za kushuka na bidoni tupu na mita 800 za kupanda na bidoni iliyojaa si umbali mmoja.

Namba za GPS zinahitaji uangalifu. Chagua mfumo wa desimali na uutumie kwa kazi yote. Goma iko karibu na latitudo -1.68 na longitudo 29.23. Alama ya kutoa inaonyesha kusini mwa ikweta; ukiisahau, robine yako itahamia zaidi ya kilomita 370 kaskazini, huko Ituri. Ukigeuza namba mbili na kuanza na longitudo, itatua jangwani Algeria. Simama mahali pa wazi, subiri simu itulie, na ukubali kwamba simu ya kawaida hukosea kwa mita 5 hivi, zaidi kidogo kati ya kuta ndefu. Tarakimu ya tano baada ya nukta ni kama mita 1, kwa hiyo tarakimu nane za simu yako ni pambo tu.

Ardhi yenyewe usiipite. Gusa jiwe: je, lina matundu, lina nyufa, lina mmea juu yake? Angalia vyoo vimejengwa juu ya ardhi au vimechimbwa, na kina chake ukiruhusiwa kupima. Angalia kama kuna mto au kijito chochote. Ndani ya mji hutakiona, na jambo hili litarudi kwenye hatua ya 7.

Hatua ya 5: Uliza watu, lakini chagua kwa haki

Ukihoji waliopo kwenye robine peke yao, utajua habari za wanaochota kwenye robine. Wanaokwenda ziwani, wanaonunua kwa mwenye chukudu na wenye bomba ndani ya uzio hawamo. Anza kwenye nyumba: pita avenyu yote, hesabu milango, halafu ingia kila mlango wa kumi, ukianza na namba uliyoichagua kwa kura kati ya 1 na 10. Mlango ukifungwa, rudi jioni. Usikimbilie jirani aliyepo, kwa sababu nyumba zilizofungwa mchana ni za watu wanaofanya kazi mbali, na hao huenda wananunua maji. Ndani ya uzio mmoja Goma mara nyingi mnaishi kaya kadhaa, basi amua mapema kama unahesabu uzio au kaya.

Uliza kuhusu jambo lililotokea. Swali "kwa kawaida mnachota wapi?" huleta jibu la heshima. Swali la jana huleta jana.

"Jambo mama. Maji mulitumia jana ilitoka wapi?"
"Kwa robine."
"Yote, mama?"
"Asubui kwa robine. Magaribi mutoto alienda ku ziwa, robine ilikuwa imekauka."

Ona vile swali dogo la pili lilivyofungua mlango. Kama ungeishia kwenye jibu la kwanza, nyumba hiyo ingeingia kwenye ramani kama ya robine, na maji ya jioni, ambayo pengine ndiyo ya kunywa, yangepotea. Endelea: nani alichota, saa ngapi, walilipa kiasi gani kwa bidoni, maji yalitiwa dawa, yanahifadhiwa wapi. Ufuoni, penye watu wa kutia klorini kwenye bidoni kwa sindano, andika saa wanazokuwepo na saa wasizokuwepo. Ukipata kifaa cha kupima klorini, subiri angalau dakika 30 baada ya dawa kutiwa. Kiwango kinacholengwa baada ya hapo ni miligramu 0.5 kwa lita.

Mtafute pia mwenye kujua maeneo kwa kazi yake: mwenye chukudu, dereva wa pikipiki, mama muuza samaki wa Kituku. Mzee aliyekuwepo 1977, Nyiragongo ilipomwaga lava mwezi wa Januari, atakuonyesha mipaka ambayo hakuna ramani inayo. Mpe karatasi achore njia zake bila kumsahihisha. Akichora soko kubwa kuliko lilivyo, hiyo nayo ni habari.

Simu zenye KoboToolbox, programu ya kujaza fomu za maswali, zinarahisisha kazi, na vijana wengi wa Goma wameshazizoea. Lakini fomu hulazimisha jibu moja kwenye kisanduku kimoja. Acha nafasi ya maelezo huru, na usiitupe karatasi.

Hatua ya 6: Weka kila kitu kwenye ramani moja

Anza kwa mkono. Chapisha ramani ya msingi kwa kipimo cha 1:5,000, ambapo sentimita 1 ni mita 50, weka juu yake karatasi inayopitisha mwanga, na uchore tabaka moja moja: robine, nyumba ulizohoji, njia, mwinuko, mpaka wa lava. Kisha hamia kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani, ukitaka kupima na kuhesabu. Ninapenda wanafunzi waanze na karatasi kwa sababu mkono unaochora barabara unaona mahali barabara isipofika.

Ukitumia duara kuonyesha kiasi, kitu kikiwa mara nne, upana wa duara uwe mara mbili tu. Jicho husoma eneo, si upana. Rangi ziwe chache. Mahali ambapo hukufika pawe na alama ya "hapakupimwa". Ukipaacha peupe, msomaji atadhani hapana kitu.

Hatua ya 7: Fasiri

Hapa ndipo wengi huharakisha, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo.

Kwanza, tazama mpangilio. Nyumba zinazokwenda ziwani zimekusanyika mahali pamoja, zimetawanyika, au zinafuata mstari? Zikifuata mstari, weka juu yake kila mstari ulio nao: bomba kuu, barabara, ukingo wa lava. Zikikusanyika, uliza ni nini kinachozunguka kundi hilo.

Pili, watafute waliokwenda kinyume na mpangilio. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa daktari John Snow, London, 1854. Kipindupindu kiliua mamia ya watu katika mtaa wa Soho, na wakubwa wa wakati ule waliamini kinaenezwa na harufu mbaya. Snow aliweka alama ya kila kifo kwenye nyumba yake, na alama zikazunguka pampu ya Broad Street. Lakini nguvu ya hoja yake ilitoka kwa wale ambao hawakulingana na ramani. Karibu na pampu hiyo palikuwa na nyumba ya kutunzia maskini yenye watu 535, na walikufa 5 tu: ilikuwa na kisima chake. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha jirani hawakuguswa, walikuwa wakinywa bia na maji ya kisima chao. Na mama mmoja aliyeishi mbali, Hampstead, alikufa kwa sababu aliletewa maji ya Broad Street, ambayo aliyapenda. Mpini wa pampu uliondolewa tarehe 8 Septemba. Snow hakuwa ameona kijidudu chochote. Alikuwa na ramani, miguu, na maswali kwa kila mlango.

Kwenye ramani yako ya Goma, nenda kwenye nyumba iliyo karibu na robine lakini inachota ziwani. Huenda maji hufika pale usiku tu. Huenda bei ya bidoni inazidi kile kaya inachopata kwa siku. Huenda kuna ugomvi na msimamizi wa robine. Sababu hizo tatu zinahitaji suluhisho tatu tofauti, na kwenye ramani zote zina nukta ya rangi moja.

Tatu, unganisha sababu kwa mnyororo, na ukague kila pete. Goma imejengwa juu ya lava. Lava imejaa nyufa na matundu, basi mvua huzama badala ya kutiririka. Ndiyo sababu mji hauna mito. Mwamba ni mgumu, basi kuchimba kisima au choo kirefu ni kazi ya wachache. Maji ya ziwa lazima yavutwe kwa mashine na kupandishwa, na umeme ukikatika robine za juu hukauka kwanza. Vyoo vifupi na nyufa za mwamba huacha uchafu uende usikojulikana. Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walipofika hapa, mwamba huohuo ulizuia kuchimba vyoo na hata makaburi. Kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ndani ya majuma machache. Mnyororo huu una nguvu kwa sababu kila pete unaweza kuipima mwenyewe: mwamba, kina cha choo, saa za umeme, saa za maji. Pete usiyoweza kuipima iandike kuwa ni dhana.

Hata mvua, ambayo wengi wangeitaja kuwa suluhisho, ina jiografia yake. Moshi wa Nyiragongo huchanganyika na mvua na kuitia asidi na floridi, hasa upande unakopeperushwa na upepo, na floridi ikizidi huharibu meno ya watoto. Kwa hiyo kabla ya kupendekeza matangi ya mvua, weka mwelekeo wa upepo kwenye ramani.

Nne, jihadhari na mambo mawili yanayokwenda pamoja bila moja kuzaa lingine. Tuseme wagonjwa wa kipindupindu ni wengi kwenye avenyu za ufuoni. Je, ni maji ya ziwa, au ni kwamba avenyu hizo zina wapangaji wapya wasio na choo, au kituo cha afya kiko karibu na hivyo wagonjwa wanaandikwa zaidi kuliko kwingine? Linganisha kaya za ufuoni zinazotumia robine na kaya za mbali zinazotumia ziwa. Wanaougua wakifuata maji, si mtaa, dhana ya maji inasimama.

Tano, badilisha mipaka uone kama jibu linabadilika. Wastani wa kartie nzima unaweza kuficha avenyu mbili, moja yenye bomba uani na moja isiyo na kitu, na ukachora katikati kartie ambayo haipo. Fanya hesabu kwa kartie, kisha kwa avenyu, kisha kwa umbali kutoka kwenye robine. Badilisha na msimu pia: ramani ya Julai ni ya Julai.

Sita, rudi kwenye ugomvi wa vyanzo. Ramani inasema robine iko mita 150 kutoka kwa mama fulani. Yeye anasema hapana robine. Shefu wa avenyu anasema ipo. Saa yako inaonyesha inatoa maji asubuhi mbili kwa juma. Hakuna aliyedanganya: ramani inazungumza kuhusu chuma, shefu kuhusu mradi, mama kuhusu maji. Andika kauli zote nne kwenye ripoti, kila moja na jina la chanzo chake, kisha eleza kwa nini zinatofautiana. Mfadhili akisoma ramani peke yake atajenga robine mahali pengine, wakati inayotakiwa ni mashine ya kusukuma maji hadi kwenye robine iliyopo.

Hatua ya 7 na nusu: Linda watu uliowaandika

Kabla ya kuonyesha chochote, ondoa majina. Namba za GPS za nyumba zipunguze hadi tarakimu 3 baada ya nukta, ambazo ni kama mita 110, au ziunganishe kwa avenyu. Familia iliyopata kipindupindu haitaki kujulikana na mji mzima, na familia iliyokimbia vita inaweza kuwa na sababu nzito zaidi. Faili lenye namba kamili libaki kwa mtu mmoja, lenye nywila, na lifutwe kazi ikiisha.

Hatua ya 8: Irudishe ramani mtaani

Chapisha ramani kubwa, ipeleke kwa shefu wa avenyu, uitandaze mezani au uibandike ukutani, na uwape watu penseli nyekundu. Watasahihisha majina, watafuta robine iliyokufa, wataongeza njia ya mkato. Wakiuliza "mbona nyumba yetu haimo?", eleza namna ulivyochagua milango. Kila sahihisho liandikwe na tarehe yake, na lile linalopingana na kipimo chako likapimwe upya, usilikubali wala kulikataa kwa mdomo.

Nakala ya mwisho iwe na kichwa chenye swali, mahali na mwezi. Mstari wa kipimo (siyo namba ya 1:5,000 peke yake, kwa sababu ikipunguzwa kwa fotokopi namba hudanganya lakini mstari hupungua nayo). Mshale wa kaskazini. Maelezo ya alama. Vyanzo vya kila tabaka na tarehe zake. Idadi ya kaya ulizohoji na namna ulivyozichagua. Na maeneo yasiyopimwa. Nakala moja ibaki kwa shefu, moja shuleni, moja kwenye kituo cha afya. Panga kurudi mvua zikianza, Septemba, na fomu ileile, milango ileile na kamba ileile ya rangi.